Sahani za Bi Indumati

Jumamosi, 12 Oktoba

Daftari hili kanipa dada yangu Muzdalifa leo asubuhi kwetu Jambiani, wakati nnafunga begi. Kaniambia, "Ayoub, weye ukiwa na shida husemi. Basi andika." Miye sisemi! Miye niliyehutubia skuli nzima siku ya mahafali mpaka mwalimu mkuu akanivuta shati nikae. Lakini nimelichukua, maana ukibishana na Muzdalifa utachelewa safari.

Sasa nipo mjini, Kiponda, juu kabisa ya nyumba kongwe. Chumba ni cha rafiki wa ami yangu, mwenyewe yupo Maskati, kanipa nikae nimtunzie. Ngazi zina vidato ishirini na nne, nimevihesabu huku nnahema. Jumanne nnaanza chuo, upande wa Chukwani, ualimu wa hesabu na fizikia. Kijijini wamenisomea dua. Mama kalia kwa furaha, kisha kanitilia pweza mkavu begini, juu ya mashati. Mwalimu mtarajiwa nnanuka pweza kuanzia kola mpaka mikono.

Jumapili, 13 Oktoba

Mchana nimejilaza, nikasikia sakafu inagongwa kutoka chini, ko ko ko. Nikadhani nyumba inaanguka, nikatoka mbio na shuka. Kwenye ngazi, kidato cha kumi na mbili, ipo sahani ya bati imefunikwa. Ndani chapati tatu na mchuzi wa adesi. Chini mlangoni kasimama bibi mfupi, kavaa sari ya buluu, mkononi ana fagio.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Weye ndiye kijana wa juu? Miye Indumati. Magoti yangu yanaishia kidato cha kumi na mbili. Nikigonga kwa fagio, ujue pana kitu."

Anakaa peke yake. Watoto wake wapo Ulaya. Kashona sare za skuli miaka arubaini, na cherehani chake nnakisikia mpaka juu. Chapati zake laini, Mungu ampe umri.

Jumanne, 15 Oktoba

Darasani tupo mia na hamsini. Kwetu Fomu Sita tulikuwa kumi na tisa, na wa kwanza nlikuwa miye. Leo mwalimu kauliza swali, nikanyoosha mkono, nikajibu. Wakacheka. Sijui walicheka jibu au lafudhi yangu ya shamba. Nikacheka nao ili nisiachwe peke yangu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kama huna kitu, utatia kijiko cha sukari. Mama akisikia nimerudisha sahani tupu ataniita nirudi Jambiani kwa miguu nikatubu.

Basi leo nimempika yule pweza kwa nazi, mama yupo kwenye simu ananiongoza: sasa tui jepesi, sasa ndimu, sasa usiondoke hapo. Nimekoga, nimevaa kanzu, nikateremka na sahani. Bi Indumati kafunua, katazama sahani, kanitazama miye, katazama sahani tena. Kasema, "Ahsante, mwanangu," kafunga mlango polepole.

Nimefurahi mno. Nimempigia mama kumwambia amepokea kwa heshima zote.

Ijumaa, 18 Oktoba

Lahaula.

Baada ya sala kaja Bakar, tunasoma darasa moja, kwao Jang'ombe, mtu wa mdomo na kicheko. Nimemhadithia habari ya pweza.

"Umempa nani?"

"Bi Indumati, wa chini."

"Yakhe! Yule ni Baniani wa kushika dini yake! Hajala kitu chenye macho tangu kuzaliwa. Hata yai hali! Nawe umempelekea pweza, na mikono yake minane?" Kacheka mpaka kakaa chini kwenye sakafu.

Mwanzo na miye nlicheka. Bakar alipoondoka nikaacha. Bibi wa watu kanipa chapati kwa wema wake, miye nimemtilia kiumbe ndani ya sahani anayolia chakula. Nimetafuta pa kuuficha uso wangu sikupaona.

Jumamosi, 19 Oktoba

Ko ko ko. Kachori na chatne ya nazi. Nlingoja mpaka nikasikia mlango wake umefungwa, ndipo nikashuka kuchukua.

Kwa nini bado ananiletea? Ama hana kinyongo, ama ananionyesha adabu ni nini. Nadhani ananionyesha adabu.

Jumatano, 23 Oktoba

Ko ko ko. Bajia. Sahani ya tatu. Nitie nini ndani? Samaki haramu kwake. Maandazi nisije nikawa nimeyakandia mayai nikasahau. Sukari peke yake ataona namfanyia kejeli. Nimeziosha, nimezipanga chini ya kitanda.

Jumapili, 27 Oktoba

Dhokla kwenye bakuli, ule mkate wao laini wa dengu wa kupikwa kwa mvuke. Ina chumvi nyingi. Nimekula.

Alhamisi, 31 Oktoba

Leo Diwali, sikukuu ya Mabaniani. Bi Indumati kawasha vitaa vya udongo kizingitini, vinapendeza. Nlipotoka chuo magharibi nikakuta wageni wake wamejaa mlangoni, nikajibana ukutani kupita. Nikiwa ngazini nikamsikia anauliza, "Kijana wa juu kesharudi? Kala?" Nikapanda mbio kwa ncha za vidole. Baadaye, ko ko ko. Ladu nane, vitamutamu vya mviringo, moja juu ya nyengine.

Kuna majibu ya jaribio la kwanza Jumatatu. Moyo wangu hauko vizuri, na si kwa jaribio tu. Sijui ni kwa nini.

Jumatatu, 4 Novemba

Thelathini na moja. Kwa mia.

Wameyabandika ukutani, majina na alama, kila mtu anaona. Nimeangalia mara tatu nikidhani labda kuna Ayoub mwengine. Hayupo. Tangu darasa la kwanza sijapata chini ya sabini. Hesabu ndiyo kitu pekee nlichokuwa nacho. Mrefu si mimi, mwimbaji si mimi, mpira nnaogopa. Miye nlikuwa Ayoub wa hesabu. Sasa Ayoub wa nini?

Mama kapiga.

"Vipi masomo, mwanangu?"

"Mazuri, mama."

"Umekula?"

"Nshakula."

Uwongo wa mwanzo na wa pili, ndani ya nusu dakika.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Sikwenda chuo.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua. Sikwenda.

Alhamisi, 7 Novemba

Hakuna mvua. Sikwenda.

Jumapili, 10 Novemba

Nnalala muda wa masaa kumi na mbili na nnaamka nimechoka utadhani nlikuwa nnachota maji. Alfajiri inanipita, adhana nnaisikia vizuri, misikiti ya hapa ipo mlangoni, lakini miguu haikubali. Mara ya mwisho kukoga ni Alhamisi. Ladu mbili zilizobaki zimeliwa na sisimizi, nikawatazama tu wakipanga safu. Wao angalau wanajua wanakokwenda.

Jambo la ajabu ni kwamba sina huzuni ya kulia. Ningelia ingekuwa afadhali. Ni kama mtu amepunguza sauti ya kila kitu. Chakula hakina ladha, hata kile cha Bi Indumati. Ko ko ko yake nnaisikia na nnaiogopa. Sahani sasa ni sita na bakuli mbili, zote safi chini ya kitanda. Kuosha vyombo ndiyo kazi pekee nnayoifanya, na naifanya ili nisiwe mchafu mbele ya mtu ambaye nimeshamchafua.

Alhamisi, 14 Novemba

Kaja Bakar, kagonga. Nikanyamaza.

"Yakhe Ayoub, fungua. Nnajua umo, viatu vyako hivi hapa. Nna shida nawe."

Shida gani? Kaja kucheka thelathini na moja. Nikajifunika shuka mpaka akaondoka. Chini nikamsikia anazungumza na Bi Indumati muda mrefu.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimeandika barua. "Mimi, Ayoub Hasan Ameir, naomba kuacha masomo kwa sababu zangu binafsi." Mistari minne, mwandiko mzuri. Mwisho wa kupeleka barua za namna hii ni Ijumaa, tarehe sita Disemba, saa nane mchana. Baada ya hapo hawapokei mpaka mwakani.

Nitarudi Jambiani nimsaidie mama kwenye mwani. Nitawaambia chuo kimejaa. Nani atahakiki?

Nlidhani nikishaandika nitapumua. Sijapumua bado.

Jumatatu, 18 Novemba

Vuli imekuja kwa hasira. Dari inavuja pahala pawili. Nimeweka bakuli mbili za Bi Indumati. Angalau zimepata kazi.

Jumanne, 19 Novemba

Pahala patano. Bakuli na sahani tatu. Ko ko ko, bakuli ya tatu, wali wa njegere. Nimekula vijiko viwili, nikaiosha, nikaipeleka kazini na hiyo.

Jumatano, 20 Novemba

Leo lazima niandike yote, hata kama mkono utakufa.

Mvua ilianza asubuhi na haikunyamaza. Nimelala nnasikia matone yanaingia kwenye sahani, kila sahani na mlio wake. Nlijua zimejaa. Nlijua ninyanyuke nimwage. Dirisha lipo hatua tatu. Nikajiambia, sasa hivi. Ikapita saa nzima, nimo katika sasa hivi. Maji yakafurika yakaenda zao kwenye nyufa za sakafu, na sakafu hii ndiyo dari ya Bi Indumati.

Ikaja ko ko ko, lakini si ya sahani. Ilikuwa ko ko ko ko ko bila ya kupumzika. Kisha ikakatika. Kisha nikasikia ngazi.

Nlihesabu. Kidato cha kumi na mbili kafika. Nikasema hapo anaishia. Halafu cha kumi na tatu. Anapanda kimoja, anapumua, anamtaja Mungu wake, anapanda chengine. Nimekaa kitandani na shuka kichwani, mtu mzima wa miaka ishirini, nnamsikiliza bibi wa miaka sabini anavunjika magoti kwa ajili yangu, na bado siwezi kusimama. Kuandika hili naona haya.

Mlango sikuutia komeo. Kaingia, sari imelowa, fagio mkononi kama mkongojo.

"Kijana wa juu, maji yanamwagika juu ya cherehani cha..." Hakumaliza. Kaangalia chini. Sahani zake sita na bakuli zake tatu, zimetapakaa chumba kizima, zinacheza maji.

"Kumbe!" kasema. "Miye wiki ya pili hii nnakula kwenye kifuniko cha sufuria, nikidhani labda mwanafunzi anauza vyombo. Kumbe vimeajiriwa!"

Nikafungua mdomo niseme samahani, kikatoka kilio. Si machozi ya heshima, bali kilio cha mtoto, cha makamasi. Bi Indumati kakaa kwenye kiti changu cha pekee, kaliweka fagio magotini, kaniacha nilie. Hakusema nyamaza. Alikuwa anamwaga sahani moja moja dirishani kwa kunyoosha mkono, na kuzirudisha chini ya matone.

Nilipopata sauti nikasema, "Kwetu sahani hairudi tupu, bibi. Na miye sina cha kutia. Nlichotia cha mwanzo ni yule pweza. Nisamehe. Wallahi sikujua."

Kanitazama. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani na yeye analia. Alikuwa anacheka.

"Pweza! Nlicheka siku mbili peke yangu, majirani wakadhani nimepata wazimu. Pweza wako kaliwa na paka. Paka wa Kiponda mpaka leo wanakuombea dua. Sahani nimeisugua kwa majivu na ndimu mara saba, ipo dirishani chini ya chungu changu cha mrehani, ukishuka utaiona."

"Hukukasirika?"

"Nikasirike nini? Nlisema, huyu kijana kampika kwa mikono yake, kavaa kanzu yake safi, kaniletea kitu kizuri kuliko vyote alivyonavyo. Mtu wa namna hiyo nisipomlisha yeye, nimlishe nani?"

Mwezi mzima nimejificha kwa mtu ambaye alikuwa chini anacheka na paka.

Kanyanyua bakuli moja iliyojaa maji. "Hii hairudi tupu, imejaa. Tutaihesabu. Lakini hizi nyengine, sikiliza. Hata kwetu sahani hairudi tupu. Basi siku utakayoweza teremsha moja, na ndani utie neno moja la kweli. Moja tu, sitaki mawili. Redio ninayo, habari za ulimwengu nnazijua. Habari za juu ya kichwa changu ndizo sizijui."

"Neno gani?"

"La kweli, nimeshasema. Hata dogo. Anza na hii yenye maji."

Nikasema, "Tangu tarehe tano sijaenda chuo."

Hakushtuka. Kasema, "Haya. Sasa vaa shati, uje unifutie cherehani. Na weye ndiye utakayenishusha ngazi, maana miye hapa nimepanda tu, kushuka sikupiga hesabu."

Tumeshuka kidato kwa kidato, kanishika bega. Nimekifuta cherehani mpaka kinang'aa. Kanipa chai ya tangawizi. Nimehisi tangawizi.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimeteremsha sahani ya pili. Sikuwa tayari kwa makubwa, nikasema, "Ile dhokla ya mwezi uliopita ilikuwa na chumvi nyingi."

Bi Indumati, aliyepokea pweza kwa utulivu, na utoro wangu bila ya kupepesa jicho, leo kakasirika. "Chumvi nyingi! Dhokla yangu! Miaka hamsini nnapika dhokla!" Kanifukuza mlangoni. Nimecheka peke yangu ngazini. Mara ya mwanzo tangu lini?

Ijumaa, 22 Novemba

Neno la tatu: nimeandika barua ya kuacha chuo.

Kasema, "Mwisho wa kuipeleka lini?"

"Tarehe sita."

"Barua haina miguu, itangoja. Yule rafiki yako mwenye kelele kaniambia chuoni pana mama wa kusikiliza wanafunzi. Nenda kwake kwanza. Miye nnajua kushona na kupika, na kupika weye umekutia ila."

Bado ana kinyongo cha dhokla.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimemwendea Bakar kwao Jang'ombe asubuhi, anisindikize, peke yangu nisingefika. Nikatarajia anicheke. Kanishika shati.

"Weye! Nimekuja kukugongea, nimeongea na mlango dakika kumi! Miye nimepata ishirini na nane! Nlikuja unifundishe, nawe umejifungia kama bi harusi!"

Ishirini na nane. Jina lake lilikuwa chini ya langu kwenye ule ukuta, na miye sikuona jina jengine ila langu. Nikamuuliza pia siku ile ya mwanzo darasani walicheka nini, jibu au lafudhi.

"Walicheka kwa sababu mwalimu alikuwa hajamaliza swali," kasema Bakar. "Ulimjibu swali alilotaka kuliuliza kesho."

Mshauri wa wanafunzi anaitwa Bi Badria. Ofisi ndogo, feni kubwa. Kaniuliza nnalalaje, nnakulaje, kisha kaniuliza waziwazi kama nimewahi kufikiria kujidhuru. Nimesema hapana, nnataka kulala tu, nilale mpaka mambo yaishe. Kaandika. Kasema hali hii ina jina, sonona, na wiki hii miye ni wa sita kukaa kwenye kile kiti, wote mwaka wa kwanza, na wawili walikuwa wa kwanza skulini kwao pia.

"Nlidhani ni uvivu," nimemwambia.

"Mvivu haoni haya kulala," kasema. "Homa ukiipata huoni aibu, unakwenda kutibiwa. Na hii ndivyo."

Nitamuona kila Jumatatu. Ikiwa siku zinapita na usingizi haukai sawa, atanipeleka kwa daktari. Kuhusu barua kasema ni yangu, nisiipeleke wala nisiichane mpaka nipate siku kumi za kula na kulala kama mtu.

Jumanne, 26 Novemba

Neno la leo lilikuwa kubwa: namdanganya mama kila siku.

Bi Indumati kanisogezea simu yangu iliyokuwa juu ya meza yake. Nikapiga pale pale, nikiangalia ile sahani chini ya chungu cha mrehani.

"Mama, siko mzima."

Nikasikia upepo wa pwani, alikuwa kwenye mwani.

"Homa?"

"Si homa. Moyo. Nimepata thelathini na moja, mama, na wiki tatu sikwenda chuo, na sili vizuri, na nnataka kuacha."

Nlingoja aseme watu watasemaje. Kasema, "Umeniambia. Alhamdulillahi, umeniambia. Muzdalifa kanambia mwezi mzima, huyo mtoto sauti yake si yake, miye nikajitia kutosikia." Kisha kalia, na miye nikalia, na Bi Indumati akaenda jikoni kugongagonga masufuria ili tusione kama na yeye analia.

Alhamisi, 28 Novemba

Mama kaja! Bila ya taarifa, na polo la muhogo, na kunde za shamba mfuko mzima, na bibi zangu wote wamenipa salamu. Nimemkuta keshakaa kwa Bi Indumati, wanakunywa chai, wananizungumza na miye nimesimama hapo hapo.

"Tangu mdogo huyu akishindwa kitu anajificha. Mara moja kajificha ndani ya pipa."

"Afadhali pipa, Bi Mwanakheri. Huyu kajificha nyuma ya sahani zangu."

"Na yule pweza, dada yangu, nisamehe. Nlimkausha mwenyewe, miye ndiye niliyekuwa kwenye simu nnamwambia ongeza tui!"

Wakacheka mpaka mama akashika mbavu. Kabla hajaondoka kanivuta pembeni. Kanambia mwaka wake wa mwanzo wa mwani ulioza wote, kamba nzima, akarudi nyumbani akalala siku nne, na bibi yangu akawaambia watu ana mafua. "Hatukuwa na jina lake," kasema. "Kuacha chuo ukitaka acha, utabaki mwanangu. Lakini usiache kwa sababu ya kuona haya. Acha kwa sababu umechagua."

Jumamosi, 30 Novemba

Nimemfundisha Bakar vekta kutwa nzima. Mtihani kwake yeye ni mchezo, kwangu miye ni jini, lakini nilipokuwa nnamwelezea nikajisikia nnaelewa. Neno la leo: nimefurahi kwa saa mbili. Bi Indumati kasema saa mbili ni nyingi, asiwe mroho mtu.

Jumapili, 1 Disemba

Siku mbaya. Sijui kwa nini. Nimeteremsha sahani nikasema, "Leo mbaya." Kasema, "Na hilo ni la kweli." Nikarudi kulala.

Jumatatu, 2 Disemba

Jaribio la pili. Nimekwenda, nimeandika, nimetoka. Kisha kwa Bi Badria. Imebaki sahani moja juu.

Alhamisi, 5 Disemba

Hamsini na mbili. Bakar arubaini na tisa, kanibeba mgongoni mbele ya watu. Si sabini. Zamani hamsini na mbili ningeizika. Leo nimeipiga picha nikampelekea mama.

Nimelowesha kunde.

Ijumaa, 6 Disemba

Nimeamka kwa adhana, nimesali msikitini. Mvua hakuna, dari kavu.

Sahani ya mwisho sikutaka ishuke na neno tupu. Nimezimenya zile kunde, nimezisaga kwenye jiwe nliloazima kwa Bi Indumati, nikamwambia asiniulize la nini. Vitunguu, kotmiri, pilipili mbichi. Hakuna chenye macho. Nimekagua mara tatu.

Bajia za mwanzo zimeungua. Za pili zimesambaratika kwenye mafuta. Za tatu, mashallah, bajia. Nikazitoa, zinatona mafuta, nikatafuta karatasi ya kutandika kwenye sahani. Daftari hili sithubutu kulichana, Muzdalifa ataniua. Madaftari ya chuo nnayahitaji. Juu ya meza ilikuwapo karatasi moja tu, safi, nzito, ya kunyonya vizuri. Nikaitandika, nikapanga bajia kumi juu yake. Hapo ilikuwa saa nane kasoro robo.

Kisha nikapiga kisigino sakafuni, ko ko ko. Leo zamu yangu.

Bi Indumati kafungua mlango kabla sijafika kidato cha kumi na mbili. Kakaa, kala moja. Kala ya pili. Kwenye ya nne kaona maandishi, kavaa miwani.

"'Mimi, Ayoub Hasan Ameir, naomba kuacha...' Kuacha nini? Mafuta yamekula."

"Hata miye silioni tena, bibi."

Katazama saa ya ukutani. Saa nane na dakika tano, muda wa barua ushapita. Kanitazama miye.

"Hili ndilo neno la leo?"

"Ndilo."

Kaikunja karatasi, kafutia vidole vyake, kaitia kwenye ndoo ya taka. Macho yake yalikuwa yanametameta, lakini mkono ukaenda kwenye bajia ya tano. Katafuna taratibu, kameza.

"Chumvi haba," kasema.

Siku kumi na tano neno la dhokla kaliweka moyoni! Nimepanda juu nnacheka peke yangu, nikafungua vekta. Sasa hivi, kabla sijafika ukurasa wa pili, ko ko ko. Kidato cha kumi na mbili, sahani ile ile, keshaiosha, ndani dhokla ya moto. Nimeonja. Haina chumvi hata punje.

Nimekula yote.